Penseli, Umeme na Atomi Iliyopotea

  Kama jirani yako hajafika, mwite, kwa kuwa tutaanza polepole. Na wewe unayeisoma karatasi hii peke yako nyumbani, isome kwa sauti. Sikio humsaidia jicho.

Leo hatutaanza kwa kuandika. Shika penseli yako, uitazame tu. Tangu ulipoanza kisomo umeitumia kuandika jina lako, jina la kijiji chako na hesabu zako. Lakini je, umewahi kujiuliza ile sehemu nyeusi iliyo katikati ya mti ni kitu gani?

Wazee wengine waliiita kalamu ya risasi. Waingereza nao mpaka leo hukiita kile cheusi kwa jina la risasi. Lakini ndani yake hamna risasi hata chembe. Ni madini yaitwayo grafiti, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Aliyebuni mchanganyiko huo ni Mfaransa, Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795. Jina la grafiti lilitolewa mwaka 1789 na Mjerumani, Abraham Werner, kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Basi grafiti ni jiwe la kuandikia. Hata Tanzania jiwe hili lipo, huko Mahenge na Merelani.

Leo nitakusimulia historia ya jiwe hili na umeme. Ni habari ya atomi moja inayotoka mahali pake, na jinsi watu walivyojua kwamba imetoka, ingawa hakuna aliyeiona.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Atomi ni chembe ndogo kabisa ya kitu, ambayo ukiigawa haitakuwa tena kitu kile kile. Grafiti imejengwa kwa atomi za kaboni, kama mkaa na almasi. Lakini katika grafiti atomi hizo zimepangwa kwa karatasi, karatasi juu ya karatasi, kama kurasa za kitabu. Kila karatasi ina unene wa atomi moja tu. Ndani ya karatasi kila atomi imeshikana na wenzake watatu, zikafanya vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Karatasi hizi ni nyembamba mno hata katika unene wa milimita moja zimo kama milioni 3. Unapoandika, karatasi zinabanduka na kushika juu ya daftari lako. Mstari wako mweusi ndio hizo.

Sasa umeme. Katika kila atomi mna vitu vidogo zaidi vinavyoitwa elektroni. Umeme unaopita katika waya ni elektroni zinazosafiri. Atomi ya kaboni ina elektroni nne za nje. Tatu huzitumia kushikana na jirani zake. Ya nne haina kazi hiyo, kwa hiyo inaweza kutembea katika karatasi nzima. Ndiyo sababu grafiti hupitisha umeme, ingawa si chuma wala shaba.

Unaweza kuona mwenyewe. Chukua penseli fupi iliyo laini, uichonge ncha zote mbili. Iunge kwa waya na betri tatu za tochi na taa ndogo ya tochi. Taa itawaka, ijapokuwa mwanga wake utakuwa hafifu. Lakini nakuonya: tumia betri za tochi tu. Usijaribu kamwe kwa umeme wa ukutani, kwa maana huo huua.

Basi tuanze historia yetu. Tarehe 2 Desemba 1942, katika mji wa Chicago huko Marekani, Mtaliana mmoja aitwaye Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuru la kwanza la atomi. Siku hizi tanuru la namna hiyo tunaliita kinu cha nyuklia. Lilijengwa chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Lilikuwa rundo la matofali, lakini matofali yake yalikuwa ya grafiti, tani zaidi ya 300. Ndani yake waliweka urani. Urani hutoa chembe ziitwazo nyutroni, nazo hukimbia kwa kasi kubwa mno. Kazi ya grafiti ilikuwa kuzipunguza mwendo.

Miongoni mwa wataalamu wale alikuwapo mtu wa Hungaria, Eugene Wigner. Yeye aliuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza. Nyutroni zinaigonga grafiti mchana na usiku. Je, grafiti yenyewe itabaki salama?

Umewaona watoto wakicheza gololi. Gololi inayokuja mbio huipiga iliyotulia, ikairusha nje ya duara. Wigner alisema ndivyo itakavyokuwa kwa atomi za grafiti. Nyutroni itaigonga atomi, nayo itatoka katika chumba chake cha pembe sita. Nyuma yake itabaki nafasi tupu. Atomi iliyofukuzwa itajibana katikati ya karatasi na karatasi, kama mgeni asiye na kitanda. Zikizidi, jiwe litavimba. Tena kila atomi iliyokaa mahali pasipo pake huwa imebeba nguvu iliyofichika, kama mtego uliotegwa.

Lakini utajuaje? Ukilitazama jiwe lililopigwa na nyutroni, ni jiwe jeusi vile vile. Katika siku zile hakuna darubini iliyoweza kuonyesha atomi moja ikikosekana. Basi wataalamu wakauliza umeme. Walipitisha umeme katika kipande cha grafiti kabla ya kukiweka tanuruni, wakapima. Wakakiweka, wakakitoa, wakapima tena. Umeme ulipita kwa shida zaidi. Walipokipasha moto kile kipande, atomi nyingine zilirudi mahali pake, na umeme ukapita kwa wepesi kidogo kuliko kwanza.

Ndugu yangu, shika neno hili, kwa kuwa ndilo neno la somo zima: umeme ulikuwa shahidi. Uliona lile ambalo macho hayakuliona.

Baada ya vita, wataalamu walitaka kufahamu vizuri grafiti na umeme wake. Mwaka 1947 mtu wa Kanada, Philip Wallace, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Chalk River, alitoa hesabu zake. Alianza kwa jambo rahisi. Alisema: Tusianze na kitabu kizima. Tuanze na ukurasa mmoja. Akahesabu jinsi elektroni zinavyotembea katika karatasi moja tu ya kaboni. Akaona kwamba karatasi hiyo si kama shaba ipitishayo umeme sana, wala si kama kioo kikataacho umeme. Imesimama mpakani. Lakini karatasi hiyo ilikuwa ya hesabu tu. Hakuna mtu aliyekuwa nayo mkononi.

Sasa twende Uingereza, katika eneo la Cumberland. Huko, katika bonde la Borrowdale, ndiko ilikopatikana grafiti safi katika miaka ya 1500, na wachungaji wakaitumia kutia alama kondoo wao. Katika eneo hilo hilo, ufukoni mwa bahari, mahali paitwapo Windscale, serikali ilijenga matanuru mawili makubwa ya grafiti. Yalianza kazi mwaka 1950 na 1951.

Mwaka 1952 wafanyakazi wa pale walishangaa kuona joto la grafiti linapanda ghafula, ingawa tanuru lilikuwa limezimwa. Ile mitego ya Wigner ilikuwa inafyatuka. Atomi zilikuwa zinarudi mahali pake na kutoa nguvu zilizokuwa zimeificha. Tangu hapo wakaweka desturi ya kulipasha tanuru moto kila baada ya muda, kwa makusudi, ili atomi zirudi kidogo kidogo pasipo hatari.

Wakafanya hivyo mara kadhaa. Oktoba 1957 wakafanya tena. Safari hii vipimajoto vilikuwa vichache, na havikukaa mahali palipokuwa na joto kuliko pote. Walidhani grafiti imepoa, wakaipasha moto mara ya pili. Tarehe 10 Oktoba wakagundua kwamba urani inawaka ndani ya tanuru. Siku iliyofuata walimwaga maji, wakazima na feni za hewa, na moto ukafa. Lakini moshi ulikuwa umekwisha kutoka nje, nao ulikuwa na iodini yenye sumu ya mionzi. Iodini ile iliangukia majani, ng'ombe wakala majani. Basi serikali ikakataza maziwa ya mashamba katika eneo la kilomita za mraba kama 500, na maziwa yale yakamwagwa.

Fikiri juu ya mkulima wa pale. Ng'ombe wake ni wazima, maziwa yake ni meupe, nayo anaambiwa ayamwage. Hajapata kusikia habari za atomi iliyotoka mahali pake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtu hawezi kuziba ufa asiouona. Ndiyo maana tunahitaji shahidi, na shahidi lazima awekwe mahali penye shauri lenyewe.

Tuiache Cumberland, tuje karibu na siku zetu. Mwaka 2004, katika mji wa Manchester, wataalamu wawili waliozaliwa Urusi, Andre Geim na Konstantin Novoselov, walitangaza kwamba wameipata ile karatasi moja ya Wallace. Nao hawakutumia mashine kubwa. Walichukua kipande cha grafiti, wakabandika selotepu, wakabandua. Karatasi zikatoka pamoja na gundi. Wakakunja selotepu, wakabandua tena na tena, mpaka ikabaki karatasi yenye unene wa atomi moja. Karatasi hiyo inaitwa grafini. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel.

Watu walifurahi sana. Elektroni husafiri katika grafini kwa wepesi mkubwa. Katika joto la kawaida huishinda silikoni, ile inayotumika katika simu na kompyuta. Lakini karatasi nyingi zilipopimwa, umeme haukupita kama hesabu zilivyotaraji. Kuna kitu kilichouzuia njiani. Ni kitu gani?

Washitakiwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni uchafu: chembe zenye umeme zilizoshika juu ya karatasi au chini yake. Wa pili ni atomi iliyopotea, yaani nafasi tupu ndani ya karatasi yenyewe. Ungefanyaje wewe kujua mwenye kosa? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walifanya kama mzee wa baraza mwenye busara: walimsikiliza kila mmoja peke yake. Mwaka 2008 walinyunyizia karatasi atomi za potasi, kama uchafu. Umeme ukapungua. Mwaka 2009 walichukua karatasi nyingine, wakaiweka mahali pasipo hewa, wakaipiga kwa chembe za gesi za neoni na heli, ili zitoboe karatasi hapa na pale. Umeme ukapungua zaidi. Walipolinganisha idadi sawa ya makosa, nafasi tupu zilizuia umeme mara nne kuliko uchafu. Na haikuhitajika nafasi nyingi. Nafasi moja katika maelfu ya atomi ilitosha kuharibu safari.

Kwa nini pengo dogo lishinde uchafu? Hapa nisikilize vizuri, ndugu yangu.

Elektroni si kama gololi tu. Ni kama wimbi pia. Wewe unayekaa pwani unayajua mawimbi. Fungu la mchanga lenye mteremko wa taratibu halilirudishi wimbi. Wimbi huinuka kidogo, likapita. Lakini mwamba mmoja uliochomoza hulipasua wimbi. Maji hutawanyika kila upande, mengine yakarudi yalikotoka. Uchafu wenye umeme ni kama fungu la mchanga, kwa sababu nguvu yake imeenea pole pole juu ya atomi nyingi. Atomi iliyopotea ni kama mwamba. Ni ndogo, lakini ni ya ghafula.

Tena kuna sababu ya pili. Tazama ubao wa drafti. Kila nyumba nyeupe imepakana na nyeusi. Ndivyo zilivyo atomi za grafini: ziko za kundi la kwanza na za kundi la pili, na kila moja jirani zake ni wa kundi jingine. Wimbi la elektroni hutembea juu ya makundi yote mawili kwa usawa. Ukiondoa atomi moja nyeupe, usawa huo umevunjika pale. Wimbi hunaswa kando ya pengo, likakawia juu ya atomi nyeusi zilizo jirani. Basi pengo si shimo tu katika njia. Ni shimo linalowashika wapita njia.

Wataalamu wa Maryland waliona na ajabu nyingine. Kwa kawaida, ukiipoza shaba, umeme hupita vizuri zaidi, kwa kuwa atomi zake hutulia. Lakini grafini yenye mapengo ilipopozwa sana, umeme ulipita kwa shida zaidi na zaidi, kana kwamba karatasi inageuka kuwa kitu kisichopitisha umeme. Jambo la namna hii lilikuwa limetabiriwa na Mmarekani, Philip Anderson, mwaka 1958. Miamba ikiwa mingi, mawimbi yanayorudi hukutana, yakafungana yenyewe kwa yenyewe, na wimbi likabaki limefungwa mahali pamoja.

Sasa usije ukafikiri kwamba kila kasoro ina uzito ule ule. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichunguza karatasi pana za grafini zilizokuzwa juu ya shaba. Wakaona si nguo moja. Ni viraka vingi vilivyoshonwa pamoja. Penye mshono vyumba si vya pembe sita. Vingine ni vya pembe tano, vingine vya pembe saba. Mishono hiyo iliidhoofisha sana karatasi ilipovutwa, lakini haikuuzuia umeme kwa kiasi hicho. Ni kwa nini? Katika mshono wa namna hii atomi zimepinda, lakini kila moja bado imeshikana na jirani watatu. Katika pengo, jirani mmoja hayupo. Kupinda ni jambo moja, na kukosekana ni jambo jingine.

Na pengo je, laweza kuzibwa? Mwaka 2012 wataalamu wa Manchester pamoja na wenzao waliona kwa darubini ya elektroni kwamba mashimo madogo katika grafini yaliweza kujiziba yenyewe, atomi za kaboni zilipopatikana karibu. Atomi ngeni zilikuja, zikashikana mikono na zilizobaki, na sega likakamilika tena. Jambo ambalo wataalamu wa siku za Wigner walilijua kwa kupima umeme tu, sasa lilionekana kwa macho.

Shahidi wetu naye amepewa kazi mpya. Mwaka 2007 wataalamu wa Manchester walionyesha kwamba chembe moja tu ya gesi ikigusa grafini, umeme wake hubadilika kwa hatua inayopimika. Kwa hiyo kile kilichokuwa udhaifu, yaani kusumbuliwa na kitu kidogo, kimekuwa faida. Karatasi inayosikia kila mguso yaweza kutumika kunusa gesi mbaya kabla mtu hajaivuta.

Basi ndugu yangu, tumefika mwisho wa safari. Tumeanza na penseli, tukapita Chicago, Windscale, Manchester na Maryland, nasi tumerudi kwenye penseli. Kitu kikubwa kama tanuru kiliweza kuharibika kwa sababu ya kitu kidogo kama atomi. Na watu waliolijua jambo hilo hawakulijua kwa kukisia. Walipima, wakaandika, wakapima tena, wakalinganisha. Wewe nawe umejifunza kusoma na kuandika. Ukiandika leo kipimo cha mvua, au cha maziwa ya ng'ombe wako, na kesho ukaandika tena, utaona mabadiliko ambayo jicho peke yake lingeyapita. Namba iliyoandikwa ni shahidi asiyesahau.

Sasa geuza penseli yako, uandike. Kumbuka kwamba kila herufi unayoiandika ni karatasi nyingi za kaboni, na katika karatasi hizo mna mapengo ambayo hutayaona kamwe, ila umeme unayajua.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kile cheusi kilicho ndani ya penseli kinaitwaje? Kimechanganywa na nini?

2. Eugene Wigner alihofia jambo gani juu ya grafiti ya tanuru?

3. Kwa nini maziwa ya Cumberland yalimwagwa mwaka 1957?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: atomi iliyopotea huzuiaje umeme kuliko uchafu?

5. Zungumza na wenzako: katika kazi yako ya kila siku kuna kasoro gani ndogo isiyoonekana kwa macho? Ungeweza kuipima kwa njia gani?